Steringi kafa kwenye theluji: kisa cha picha ya makauboi iliyovuruga ukumbi

Naandika kisa hiki kwa wale wanaoendesha vikundi vya kuonyesha picha mitaani, wanaofundisha filamu, na ma-DJ wanaotafsiri. Jina la mji, la ukumbi na ya watu wote nimeyatoa maana baadhi yao mpaka leo wanadaiana. Picha yenyewe siifichi, ni McCabe & Mrs. Miller ya mwaka 1971, ya mwongozaji Robert Altman, na ni moja ya zile picha za makauboi zilizotengenezwa makusudi kuvunja kila kitu ambacho makauboi wametuzoesha. Mimi nilikuwa upande wa projekta na spika, kwa hiyo niliuona ukumbi wote kutokea nyuma, na huko nyuma ndiko unakojua nani anaangalia na nani anachati.

## Mazingira

Kikundi ni cha watu wachache wanaokodi ukumbi Jumamosi usiku, kiingilio buku, karanga na soda mlangoni. Wanaokuja ni mchanganyiko: bodaboda, wanachuo, mafundi, wamama wa sokoni wakishafunga biashara, na wazee kadhaa ambao ujana wao ulipita kwenye majumba ya sinema miaka ya 70, enzi picha za makauboi za Kitaliano zinajaza viti. Ndani ya kamati kulikuwa na kambi mbili, moja inataka "picha za maana" na nyingine inataka kodi ya ukumbi ilipwe kwanza, ndipo mtu mmoja akaja na wazo kwamba kuna picha ya makauboi ambayo pia ni ya maana, kwa hiyo kambi zote zitaridhika. Wazo zuri. Hakuna aliyeuliza kwa nini picha ya makauboi ya maana haina umaarufu kwa wazee wetu wanaowajua makauboi wote.

Kitu cha pili ni DJ. Kama hujakulia kwenye kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuonyeshea video, nikueleze kidogo: DJ hatafsiri neno kwa neno, DJ anaisimulia picha upya, anaongea kwa sauti za watu wote, anaweka utani wa mtaani, anakwambia nini kinakuja na umchukie nani. Tanzania tulikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo, na DJ wa kikundi hiki ni wa shule hiyohiyo, tofauti yake anaongea laivu na maiki ukumbini. Watu wengine wanakuja kwa ajili yake, picha iwe yoyote.

Na DJ ana sheria ambazo ukumbi mzima unazijua bila kuandikwa popote. Dakika za mwanzo anamtaja steringi, yaani shujaa wa picha. Steringi hafi. Akipigwa risasi inampata begani. Adui mkubwa anauawa mwisho, uso kwa uso, na steringi hapigi mtu kwa mgongo. Demu wa steringi anasubiri. Ukiangalia vizuri hizo ndizo sheria za Hollywood za makauboi zenyewe, sisi tumezipa majina yetu tu.

## Picha yenyewe, kwa ambaye hajaiona

Mwaka ni 1902, jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani, kwenye kimji cha wachimba madini kinachoitwa Presbyterian Church. Hakuna jangwa wala jua kali, ni mvua, matope, miti mikubwa na baadaye theluji. McCabe (Warren Beatty) anaingia na farasi, anavua koti la manyoya, anavaa kofia ya duara, anatandika kitambaa chekundu kwenye meza ya baa ya bwana Sheehan na kuanza kucheza karata. Kazi yake ni kamari. Baadaye ananunua wanawake watatu mji wa jirani na kuwaweka kwenye mahema, danguro la hovyo kabisa. Anakuja Bi Miller (Julie Christie), Mwingereza, anakula sahani nzima ya mayai mbele yake kwa njaa ya kweli huku anamwambia kwamba yeye biashara hii haiwezi, hajui wanawake wanaumwa nini, hajui usafi, hajui hesabu. Wanaingia ubia. Biashara inakua, bafu linajengwa, mteja lazima aoge kwanza. McCabe anampenda yule mama ila kila akienda chumbani kwake analipa dola 5 kama mteja mwingine yeyote.

Kampuni kubwa ya madini inatuma watu wawili kununua mali yake, wanaanza na dola 5,500 wanapanda mpaka 6,250, McCabe amelewa anajifanya mjanja anakataa. Wale wawili wanaondoka. Wanakuja wengine watatu, na hawa hawakuja kununua.

## Ilivyokuwa siku ya kwanza

DJ hakuwa ameimaliza picha kabla. Alikuwa ameangalia kama dakika ishirini za mwanzo na trela, na kiukweli kwa picha nyingine zote alizowahi kutafsiri hiyo ilikuwa inatosha kabisa maana ukishamjua steringi na adui mengine unayajaza mwenyewe.

Mwanzo wa picha kuna wimbo wa Leonard Cohen, taratibu, farasi anatembea kwenye mvua. DJ aliongea juu ya wimbo wote. Akamtambulisha: "Huyu ndiye steringi wetu, komando Makabe, mtu wa kazi." Ikafika ile sehemu ya baa ambapo Sheehan anaanza kunong'ona kwamba huyu mgeni ndiye yule aliyemuua Bill Roundtree, na DJ akaidaka hapohapo, akaongeza chumvi, Bill Roundtree akawa jambazi aliyesumbua majimbo matatu, Makabe akawa kamaliza na watu wake wote kwa bastola moja. Ukumbi ukapiga makofi. Tulikuwa vizuri sana wakati huo.

Shida ikaja taratibu. Nusu saa, hakuna mpambano. Dakika arobaini, jamaa anaongea peke yake barabarani kama mtu anayedaiwa, watu wanajenga nyumba, wanawake wanaoga na kucheka. DJ anajaza: "Hapo anapanga mashambulizi." Mtu akapiga kelele, "Anapanga tangu saa mbili!" Kicheko. Mwingine akanigeukia mimi, "Bro rekebisha mwanga, picha ina ukungu." Nikagusa projekta weee, hakuna kilichobadilika.

Halafu ikaja sehemu iliyoua kila kitu. McCabe anaenda mwenyewe kuonana na Butler, yule mkubwa wa wauaji, jitu refu lenye koti la manyoya, na anaenda akiwa anatabasamu, anataka kuuza sasa, anashusha bei, anachekacheka. Butler anamwambia yeye hayuko pale kufanya biashara. DJ alijitahidi jamani, akasema "anamtega, anamtega huyo," lakini macho hayadanganywi, ukumbi mzima ulikuwa unamwona mwanaume anayebembeleza. Bodaboda mmoja mbele akasimama kabisa: "Steringi gani anaomba msamaha?" McCabe akishatoka, Butler anawaambia waliobaki kwamba yule mtu hajawahi kuua mtu yeyote. DJ hakuitafsiri hiyo. Alikuwa bado anajibizana na bodaboda.

Mwisho unajulikana kwa walioiona. Theluji inaanguka, kanisa linawaka moto na watu wa mji wako huko wanauzima, McCabe anakimbia kutoka nyumba hadi nyumba, anajificha, anawavizia wawili wa kwanza bila kuwapa nafasi, Butler anampiga risasi kwa nyuma. Anaanguka. Anajifanya amekufa, Butler anasogea kuhakikisha, McCabe anamtandika risasi ya paji la uso na kibastola kidogo. Ukumbi ukaruka. Hapo DJ akapata pumzi, "Niliwaambia!" Halafu McCabe anajikokota, anakaa kwenye theluji, theluji inamfunika, basi. DJ akasema, "Anajifanya tena, subirini," na kwa kuwa dakika chache nyuma alikuwa amejifanya kweli, watu wakasubiri. Picha inakwenda kwa Bi Miller amelala kwenye nyumba ya Wachina ya kuvutia kasumba, inarudi kwenye theluji, inarudi kwake, majina yanaanza kupanda, na watu bado wamekaa wanamsubiri McCabe ainuke.

Taa zilipowaka watu walitaka buku zao.

## Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Hela hazikurudishwa maana zilikuwa zimeshalipa ukumbi, badala yake mhazini akaahidi Jumamosi inayofuata kuingia ni bure kwa waliokuwepo. Uamuzi wa haraka, wa kuzima moto, sina la kusema.

Kikao cha Jumatatu ndicho kilikuwa na mjadala wenyewe. Kambi ya kodi ya ukumbi ikasema picha kama hizi ndio mwisho, turudi kwenye mateke. Kambi ya pili ikasema watu hawakuelewa, safari ijayo kabla ya picha asimame mtu aeleze kwa nusu saa historia ya makauboi na Altman ni nani. Wazo la pili ndilo lililokuwa baya zaidi kwa maoni yangu, maana ukimweleza mtu kwamba steringi anayemwona sio steringi halafu ndio umwonyeshe picha, umemnyima kitu kizima ambacho Altman alikijenga kwa saa mbili.

Aliyebadilisha kikao ni mama mmoja fundi cherehani, hayuko kwenye kamati, alikuja kufuata hela ya mapazia. Akasema yeye picha aliipenda. "Yule mama alimwambia mapema hao watu wataua, mwanaume kichwa ngumu, mbona iko wazi." DJ akamuuliza, "Mama, sasa wewe uliona nini mimi sikuona?" Akamjibu, "Mwanangu, mimi sikukusikiliza wewe, nilikuwa naangalia."

Basi wakakubaliana kuirudia, kwa masharti manne.

La kwanza, ile Jumamosi ya bure wataonyesha Shane ya 1953, ya George Stevens, halafu wiki ya pili yake ndio McCabe irudi. Sababu: nusu ya ukumbi ni vijana wanaojua makauboi kwa kusimuliwa tu. Shane ina sheria zote zikiwa safi kabisa: mgeni anaingia na farasi, wakulima wanaonewa na mwenye ng'ombe, adui anaajiri muuaji mwenye glovu nyeusi, steringi anavumilia mpaka hawezi tena, anaenda baa, anamaliza kazi, anaondoka amejeruhiwa huku mtoto anamwita. Tena zote mbili zinaanza vilevile, mtu na farasi wake anaingia kwa watu wasiomjua.

La pili, DJ aimalize picha, na ahudhurie Shane kama mtazamaji. La tatu, DJ asimtaje steringi. Akisikia uvumi atafsiri kama uvumi, yaani "Sheehan anasema eti", sio "huyu ndiye". Nyimbo zisiongelewe juu. Hili DJ alilipinga sana na ninamwelewa, ni kama kumwambia mpishi asitie chumvi. La nne, hakuna hotuba kabla.

## Matokeo

Shane ilijaza, ya bure lazima ijaze. McCabe ya marudio ilipata watu wachache kuliko mara ya kwanza, na kwenye daftari la mhazini wiki ile ni hasara. Hilo lisifichwe.

Ila ukiacha bodaboda waliotoka katikati, waliokuja walikaa. Pale Sheehan anaposema habari za Bill Roundtree, DJ akatafsiri taratibu, "Sheehan anasema eti huyu ndiye aliyemuua Bill Roundtree, yeye mwenyewe hajasema ndiyo, hajasema hapana," na mzee mmoja akasema kwa sauti, "Muongo huyo." Nani muongo, hakusema. Pale kwa Butler hakuna aliyecheka. Butler aliposema yule mtu hajawahi kuua mtu, safari hii DJ akaitafsiri vizuri neno kwa neno, ukumbi ukafanya ule mguno wa watu walioshtuka lakini hawajashangaa.

Mwisho wa picha hakuna aliyedai hela. Bodaboda yule yule alikuwepo (aliingia kubishana nadhani) na akatoka amekasirika kwelikweli, ila safari hii amewakasirikia watu wa mji, "Wanazima moto wa kanisa ambalo hawaendi, mtu anakufa nyuma yao!" Nikamwambia ndio hivyo.

## Uchambuzi

Nianze na kitu ambacho kamati ilichelewa kukiona na mimi naona ndicho kiini cha kisa. Siku ya kwanza DJ hakuiharibu picha kwa bahati mbaya, alifanya kazi ileile anayofanya Sheehan ndani ya picha. McCabe hakuingia mjini akasema mimi ni muuaji. Aliingia na karata. Mji ndio uliomtengenezea sifa, kwa sababu mji wenye matope na baridi na hakuna cha kufanya unahitaji mtu wa kumsimulia, na yeye akaikuta sifa inampa heshima na bei nzuri, akaivaa. Watu wanamwogopa, wanampa nafasi. Shida ni kwamba sifa ikishasambaa inafika pia kwa wasiotaka hadithi. Butler akimwangalia dakika mbili anajua. Kwa hiyo DJ alipomwita komando, ukumbi wetu ukawa Presbyterian Church, tukawa tumeinunua hadithi ya Sheehan na tukamkasirikia McCabe kwa kutotimiza kitu ambacho hakuwahi kukiahidi. Kama picha ingekuwa na mtazamaji aliyepangwa na Altman mwenyewe asingepata bora kuliko yule bodaboda, ila bila mtu wa kumwonyesha kwamba amepigwa kwa makusudi, alibaki na hisia ya kuibiwa buku tu.

Ndiyo maana Shane ilisaidia kuliko hotuba yoyote. Chukua kitu kimoja. Kwenye Shane kuna mkulima mdogo, mbishi, anaitwa Torrey, muuaji mwenye glovu anamchokoza kwenye matope mbele ya baa mpaka anashika bastola, anauawa palepale. Unaumia, na maumivu yako yana kazi, yanakujaza hasira ambayo Shane atakuja kuilipa. Sasa kwenye McCabe kuna kijana mpole (Keith Carradine) aliyekuja mjini kufuata wanawake, sasa anaondoka, anataka kuvuka daraja la kamba akanunue soksi tu. Upande wa pili yuko yule muuaji kijana mwenye nywele za dhahabu. Wanaongea vizuri. Kijana anasema hata kulenga hajui, mwenzake anamwambia lete nione bastola yako labda ina tatizo, kijana anaitoa amwonyeshe, anapigwa risasi, anaanguka kwenye maji. Watu wamesimama wanaangalia. Na hakuna anayekuja kulipa, McCabe baadaye anamuua yule muuaji lakini kwa kuokoa roho yake mwenyewe, kisasi hakimo. Wiki moja kabla watu wetu walimlilia Torrey na wakalipwa. Hapa walibaki na deni mkononi, na nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Na huyu nani atamlipia?" Hilo swali hotuba ya nusu saa isingelitoa.

Kuhusu ukungu. Siku ya kwanza niliambiwa nirekebishe mwanga na nikahangaika na projekta bure. Mpiga picha Vilmos Zsigmond aliichoma filamu kwa mwanga kidogo kabla haijasafishwa, makusudi, ili rangi zififie ionekane kama picha za kale, na kwa kuwa walifanya hivyo kwenye negativu yenyewe studio isingeweza baadaye kuamua kuing'arisha. Yaani hata studio ya Warner Bros. ilikuwa kwenye nafasi yangu, imeshika kitufe ambacho hakifanyi kazi. Sauti vilevile, Altman anaachia watu watano waongee kwa pamoja kama baa ya kweli, na hata 1971 kuna wakosoaji walilalamika kwamba hawasikii. Kwa mtazamaji wa Marekani huo ni usumbufu, kwa DJ ni balaa, maana DJ ana mdomo mmoja. Marudio alichagua kumfuata mtu mmoja kila tukio na kuwaacha wengine wapige kelele zao kwa Kiingereza nyuma, na ikafanya kazi kuliko nilivyotegemea, ukumbi ulisikia kelele ya mji bila kupotea.

Mji wenyewe ulijengwa huku picha ikipigwa, West Vancouver kule Kanada, karibu kila kitu kwa mpangilio wa hadithi, mafundi wamevaa nguo za 1902 wanapigilia misumari mbele ya kamera, na baadhi yao walikuwa vijana wa Kimarekani waliokimbia kupelekwa Vietnam. Mafundi wetu ukumbini walikuwa wa kwanza kulijua hili bila kuambiwa. Mmoja alisema kanisa lile limeezekwa kweli, sio la maigizo, angalia mbao zinavyolowa. Watu kama hawa ukiwapa nusu saa ya kuangalia nyumba zinajengwa hawachoki, waliochoka walikuwa wale walioahidiwa komando.

Bi Miller ndiye mtu pekee kwenye picha anayesoma hali vizuri. Akisikia jina la kampuni anaogopa palepale, anajua hawa wakikataliwa wanaua, anamwambia uza. McCabe badala yake anaenda kwa wakili anayetaka kuwa seneta, wakili anamjaza maneno kuhusu kuyavunja makampuni makubwa na haki ya mtu mdogo, anarudi amevimba. Kuna historia ya kweli hapo, 1902 ndio mwaka serikali ya rais Theodore Roosevelt iliposhtaki kampuni ya Northern Securities iliyoshika reli za kaskazini magharibi, pande hizohizo, kwa hiyo wakili haongei upuuzi mtupu, kesi za namna hiyo zilikuwa zinaenda mahakamani kweli. Lakini ni kesi za serikali na matajiri, zinachukua miaka, na wauaji watatu wamefika tayari wako baa. Steringi wa kawaida angeingia vitani kwa sababu ya haki, McCabe anaingia kwa sababu amechelewa kuuza na wakili kampa hotuba nzuri ya kuficha hilo. Marudio wamama walicheka sana hapo, cheko la kumjua mtu. Na Hollywood nayo, tuzo ya Oscar pekee ambayo picha hii iliteuliwa ilikuwa ya Julie Christie.

Kuhusu kanisa bodaboda ameshasema. Nitaongeza tu kwamba McCabe alijificha humohumo kwanza, mchungaji akachukua bunduki yake akamfukuza, Butler akampiga mchungaji akidhani ni McCabe, taa ikaanguka, moto. Mji mzima unakimbia na ndoo, unashangilia kwa furaha ya kuokoa jengo.

## Kilichofeli hata mara ya pili

Urefu. Saa mbili za picha tulivu usiku wa Jumamosi na viti vya plastiki ni nyingi, na kamati haikufikiria kuweka mapumziko. Bodaboda wengi waliondoka katikati kwenda kutafuta abiria.

DJ alikaa kimya kupita kiasi. Masharti yalikuwa ya kumzuia, akazuilika mpaka kuna sehemu za utani wa kweli, maana McCabe anajitahidi kuchekesha na hachekeshi, zilipita bila kuguswa. Bora angeachiwa utani na kuzuiwa kitu kimoja tu, kumtangaza steringi.

Na kubwa zaidi, Wachina. Pembeni ya mji kuna Wachina wanaofanya kazi na kuishi peke yao, kamera inawapita tu kama mji unavyowapita, na hii ni Marekani ambayo tangu 1882 ina sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie. DJ wetu kila akimwona Mchina anaweka ile sauti ya "ching chong" na mateke ya Bruce Lee, ukumbi unacheka, kila kibanda umiza kinafanya hivyo. Siku zote mbili aliifanya. Sasa kuna hotuba ya Butler baa, anaeleza jinsi kazi ya kulipua miamba inavyofanywa kwa bei rahisi, unampa Mchina baruti unamtuma ndani, na faini ya kuua Mchina haizidi dola 50. Anaisema kwa furaha, kama mtu anayepanga bajeti. Ukiisikia hiyo unajua kampuni ni ya watu gani na McCabe ana thamani gani kwao, ni hesabu tu, Mchina ana bei yake na yeye ana bei yake, na ya kwake ilishakataliwa mezani. Mara ya kwanza DJ aliifanya hotuba nzima kuwa kichekesho kwa sauti yake ya Kichina. Mara ya pili aliitafsiri sawasawa, dola 50 na yote, lakini watu walikuwa wameshacheka mara nne tano kabla kwa kila Mchina aliyepita, kwa hiyo neno Mchina lilipotoka tu wakacheka tena, wakaikosa. Hilo kwenye masharti halikuwemo na hakuna aliyelitaja kikaoni. Nimemwambia DJ, amesema picha ikirudi mara ya tatu ataiacha ile sauti, ila mhazini ameshasema hakuna mara ya tatu.